Imekatika au Imekatwa?

Mtoto aliyeangusha kikombe jikoni, mama yake akimwuliza kulikoni, hasemi "nimevunja kikombe". Husema, "Mama, kikombe kimevunjika." Hila hiyo hakufundishwa na mtu, aliinyonya pamoja na lugha yenyewe. Silabi moja inatosha kumtoa mtendaji chumbani na kukiacha kitu peke yake na msiba wake, kana kwamba kikombe kiliamka asubuhi kikaamua kuvunjika. Mama naye aliwahi kuwa mtoto, kwa hiyo huuliza tena: "Kimevunjika, au umekivunja?"

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31, na kauli hizi nimeziandika ubaoni mara zisizo na idadi: kata, katwa, katika, katia. Wanafunzi walizikariri, wakafaulu mitihani, nami nikastaafu nikidhani nimemalizana nazo. Kumbe zilikuwa zikinisubiri. Zilinipata uzeeni, tena kwa njia ambayo sikuitazamia kabisa: waya wa kusikilizia simu, hizi tunazoziita hedifoni, wenye rimoti ndogo inayoning'inia chini ya kidevu. Rimoti hiyo iliharibika, na kuharibika kwake kukanifunza jambo ambalo sarufi haikunifunza.

Lakini nieleze kwanza habari ya nyumbani, maana bila hiyo waya ni waya tu.

Sisi tumezaliwa wawili. Dada yangu ndiye mkubwa, naye anakaa Pangani, katika shamba la minazi alilotuachia baba. Mimi nakaa Dar es Salaam tangu nilipoajiriwa. Baba alifariki mwaka 2009. Mama akamfuata mwaka 2017, baada ya kulala kitandani miaka miwili. Aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha uji kwa kijiko ni dada. Mimi nilituma fedha. Nilizituma kila mwezi, na hilo ningependa lijulikane. Walakini fedha haimgeuzi mgonjwa ubavu.

Mwaka 2021 alitokea mtu aliyetaka kununua kipande cha shamba kinachoelekea baharini. Mimi nilitaka tuuze. Sababu nilikuwa nazo, wala si za ovyo: minazi imezeeka, bei ya nazi haitabiriki, na nyumba yangu ilikuwa bado haijaezekwa upande mmoja. Dada hakutaka. Kipande hicho kimepakana na makaburi ya wazee wetu, naye alisema kwamba mnunuzi wa leo ataliheshimu kaburi, lakini atakayeuziwa na yeye kesho atalijengea choo. Basi tukawa tunabishana kwa simu, yeye huko, mimi huku, kwa adabu ya ndugu wa pwani, ambayo wasomaji wangu wanaijua: shikamoo ndefu, habari za watoto, habari za mvua, halafu ndipo visu vinatolewa.

Mwezi Machi mji huu ni kama chungu kilichofunikwa. Daktari alikuwa amenishauri nitembee kila jioni, nami nilikuwa nikitoka Magomeni hadi Jangwani na kurudi, simu mfukoni, hedifoni masikioni. Jioni moja ya Jumapili dada akanipigia nikiwa njiani. Tulisalimiana, tukafika kwenye shamba, akasema, "Mdogo wangu, wewe hapa umekuwa mgeni siku nyingi, na mgeni..." Hapo simu ikafa. Nikampigia. Akaitika "haloo", na kabla sijasema neno ikafa tena. Nikajiambia: amenikatia. Ameamua kunitukana, kisha amenikatia ili nisijibu. Yeye huko, kama nilivyokuja kujua baadaye, alijiambia maneno hayo hayo kunihusu, tena yenye nguvu zaidi: amenikatia, kisha amenipigia makusudi apate kunikatia mara ya pili.

Siku ya nne akapiga usiku. Nilikuwa nimelala chali chini ya feni, nimekwisha oga, hedifoni masikioni kwa ajili ya taarifa ya habari. Safari hii hakuniuliza habari za watoto. Alisema, taratibu, "Wewe ulikuja kuzika. Kuuguza hukuja." Simu ikakatika.

Baada ya hapo, miezi saba hatukusemeshana. Idi zote mbili zikapita. Nilipata salamu zake kwa watu wengine, kama mtu anavyopata habari za nchi jirani.

Kati ya miezi hiyo hedifoni yangu ilianza vituko. Nikisikiliza taarabu, sauti inashuka yenyewe, inashuka, mpaka mwimbaji anakuwa kama yuko ndani ya mtungi. Nikiipandisha, inashuka. Siku nyingine wimbo unasimama katikati. Siku nyingine, nami niko katika daladala nimebanwa na watu, sauti ya mwanamke wa ndani ya simu inaniuliza kwa Kiingereza anisaidie nini, hali sikumwita. Nilimshtaki mjukuu wangu, ambaye huichukua simu yangu kuchezea michezo. Nikamwambia amevuruga mipangilio. Akaapa. Sikumsadiki, mtoto wa miaka tisa huapa kwa wepesi. Nikamnyang'anya simu kwa majuma mawili.

Mwezi Oktoba niliipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, kijana mwenye meza yake nje ya duka la vifaa vya simu. Alinitazama, akaitazama hedifoni, akasema, "Shikamoo mzee. Hii mpya ni elfu tano. Mimi kukutengenezea elfu tatu. Si ununue tu?" Nikamwambia sitaki mpya, nataka kujua ina nini. Nadhani jibu hilo lilimpendeza, kwa sababu alisogeza kiti chake nikae karibu.

Ningependa msomaji aone jinsi kijana yule alivyofanya kazi, maana nimekaa katika mabaraza mengi ya usuluhishi, ya ukoo na ya shule, na sijaona hakimu aliyeenda kwa utaratibu ule. Kwanza alitenganisha watuhumiwa. Alichukua hedifoni yake nzima akaichomeka katika simu yangu, akaiacha iimbe: haikusimama, haikushuka. Basi simu si mkosaji, na mjukuu wangu pia si mkosaji. Kisha akaichomeka hedifoni yangu katika simu yake: baada ya dakika moja sauti ikaanza kushuka. Akachokonoa tundu la simu kwa kijiti, akatoa kinyuzi cha pamba ya mfukoni, akanionyesha, akasema hii nayo huleta matatizo lakini siyo leo. Akaukunja waya karibu na plagi, huku na huku, akisikiliza kama utakwaruza, haukukwaruza. Kila alipopapasa alikuwa anamwachia mtu mmoja huru. Hakumtaja mwenye kosa mpaka alipobaki mmoja tu, nayo ni rimoti.

Akanieleza. Ncha ya plagi ya hedifoni ya namna hii ina sehemu nne za chuma, zilizotengwa kwa pete tatu nyembamba. Ya kwanza hupeleka sauti sikio la kushoto, ya pili la kulia. Zinazobaki, moja ni njia ya kurudia umeme, na nyingine ni ya kipaza sauti, kile kitundu kidogo unachosemea. Katika hedifoni nyingi za siku hizi njia ya kurudia ni ya tatu na ya kipaza sauti ni ya nne; ziko za zamani ambazo hizo mbili zimebadilishana nafasi, na ukiichomeka ya mpango huu katika simu ya mpango ule, itakuwa kama mbovu ingawa zote mbili ni nzima. Vipaza sauti vyenyewe vinatokana na kazi ya James West na Gerhard Sessler, waliovibuni mwaka 1962 katika maabara za Bell huko Marekani, na ili kifanye kazi simu hukipelekea umeme kidogo sana, usiofika volti tatu.

Nami nikauliza: vitufe je? Vitufe vitatu, vya kupandisha, kushusha na kile cha kati, waya wake uko wapi? Akacheka. Havina waya wao. Vinatumia waya ule ule wa kipaza sauti. Ukibonyeza cha kati unagusanisha waya wa kipaza sauti na ule wa kurudia, umeme unapita bila kizuizi. Ukibonyeza cha kupandisha, umeme unapita katika rizista ndogo ya omu 240. Cha kushusha, omu 470. Ndivyo zilivyo zile zinazofuata mpango wa Android. Za kampuni nyingine zina mtindo wao. Simu hukaa inapima tu: ikiona kizuizi kimeshuka hadi kiasi fulani, husema, hiki ni kitufe fulani.

"Kwa hiyo simu haijui kama nimebonyeza?" nikauliza.

"Simu haioni kidole, mzee. Inaona omu."

Akachukua mita, akaweka ncha moja sehemu ya tatu ya plagi na nyingine sehemu ya nne, bila kugusa kitufe chochote. Inatakiwa isome omu 1,000 au zaidi. Ilisoma 400 na kitu. Hiyo ndiyo maana sauti ilikuwa ikishuka yenyewe: simu ilikuwa inasoma kwamba kuna mtu ameshikilia kitufe cha kushusha. Kisha kijana akaisogeza rimoti mdomoni, akaihohoa, haah, kama mtu anayetaka kufuta miwani. Namba zikaporomoka mbele ya macho yangu: 300, 150, chini ya 50. "Sasa hapo," akasema, "amebonyeza cha kati. Kama ulikuwa unaongea na mtu, simu hii inakata."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Akapitisha wembe katika mshono wa plastiki, akaifunua rimoti. Ndani kulikuwa na kibao kidogo kama punje ya mchele, na juu yake ukungu wa kijani na weupe wa chumvi. Jasho, akasema. Linatiririka na waya kutoka sikioni, linaingia kwa kitundu cha kipaza sauti, maji yanakauka, chumvi inabaki, na chumvi ikipata unyevu tena inapitisha umeme. Ndiyo maana ubovu huo huja na kwenda. Ukiipeleka kwa fundi asubuhi yenye ubaridi huenda akakuona mwongo. Alisugua kwa mswaki na spiriti, akapuliza, akasugua tena. Unyuzi mmoja ulikuwa umeliwa na kutu, akauunga upya kwa lehemu, baada ya kuuchoma kidogo, kwa sababu nyuzi za hedifoni zimepakwa vanishi na lehemu haishiki juu ya vanishi. Alinipa pia njia nyingine kabla hajaanza: "Nikitaka, naweza kukuondolea rimoti yote, nikaunganisha waya za masikio tu. Haitasumbua tena maisha. Ila utakuwa unasikia tu, husemi." Nilikataa. Mita iliposoma 1,400 akabandika ganda kwa gundi, akanirudishia, akaniambia nisitembee nayo juani.

Jioni ile nilimwomba radhi mjukuu wangu. Lilikuwa jambo jepesi. Nilimkosea, nikajua, nikasema, akacheka akataka simu.

Mke wangu nilipomsimulia habari za omu na jasho, alipiga kofi la furaha. "Kumbe! Basi mpigie dada sasa hivi, mwambie ni waya, yaishe." Sikumpigia. Nilimwandikia mpwa wangu, mtoto wa dada, nikamweleza kwamba fundi amegundua hedifoni ilikuwa na shoti na ilikuwa ikikata simu yenyewe. Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Baada ya saa moja nikapata ujumbe kutoka kwa dada mwenyewe, wa kwanza tangu Machi: "Kumbe ni waya mdogo wangu. Mimi nimelia bure."

Msomaji atadhani hapo ndipo hadithi ilipoisha vizuri. Mke wangu alidhani hivyo. Mimi nililala na lile neno "bure" kama mtu aliyelala na punje ya mchanga shukani.

Kwa sababu simu zilikatika mara tatu. Ya kwanza, naapa, sikuigusa. Nilikuwa nimelowa jasho hadi kiunoni. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilikuwa nimeoga, nimekauka, chini ya feni. Na naikumbuka. Aliposema "kuuguza hukuja", kidole changu gumba kilipanda chenyewe (tazama nilivyoandika: kilipanda chenyewe!) kikakiona kile kitufe cha kati gizani, kikabonyeza. Halafu nililala kimya na kujiambia kwamba mtandao ni mbaya. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno, hata kwa miezi saba niliamini karibu nusu.

Mwanafalsafa mmoja Mwingereza, J. L. Austin wa Oxford, alitoa hotuba mwaka 1956 juu ya jambo ambalo wanafalsafa wenzake walilidharau, yaani visingizio. Mfano wake ni wa punda. Mimi na wewe tuna punda katika uwanja mmoja wa malisho. Mimi nimemchukia wangu, nakwenda kumpiga risasi. Nalenga, nafyatua, anaanguka, kutazama kumbe ni wako. Hapo nimekosea. Siku nyingine nalenga, nafyatua, wanyama wanasogea, anaanguka wako. Hapo ni ajali. Punda amekufa kote kuwili na majirani wengi wangesema "bahati mbaya" kote kuwili, lakini Austin alitaka tuone kwamba si jambo moja, na kwamba mwenye kuchunguza visingizio kwa makini huona jinsi tendo linavyojengwa, kama fundi anavyojua mashine kwa kuifungua ilipoharibika.

Angalijua Kiswahili angalifurahi, kwa maana sisi tunayo yote hayo katika kitenzi kimoja. Simu imekatika: hakuna mtu ndani yake. Simu imekatwa: kuna mtu, lakini amefichwa. Umekata: mtu ni wewe. Umenikatia: mtu ni wewe, na aliyekusudiwa ni mimi. Dada hakulia kwa sababu simu ilikatika. Mitandao yetu hukatika kila siku na hakuna anayelia. Alilia kwa ile "-ia" ya mwisho. Na simu yenyewe, ile iliyo upande wa pili, haitofautishi. Hulia tit, tit, tit, ikanyamaza. Aliyekatiwa ndiye anayeongeza kiambishi, kwa kukadiria, na makadirio hayo hutegemea anavyokujua. Dada yangu alikadiria vibaya mara mbili na vizuri mara moja.

Na sasa nilikuwa nimempa waya mmoja kufunika simu tatu.

Nilijitetea, na utetezi wangu si wa kudharauliwa. Mashehe wetu wametufundisha kwamba anayepatanisha watu hahesabiwi mwongo, na sote tumewaona wazee wakienda upande huu na kusema, "Mwenzako anakusifu," kisha upande ule wakasema hivyo hivyo, hali hakuna aliyesifu mtu. Na ndoa ikapona. Tena katika jambo langu hapakuwa na uongo hata wa ukubwa huo. Palikuwa na kunyamaza tu. Tena nani ameumia? Waya hauna heshima ya kupotea. Mtumishi akisingiziwa, anafukuzwa. Mtoto akisingiziwa, ananyang'anywa simu majuma mawili. Lakini kipande cha shaba na plastiki ukikitwika dhambi ya binadamu kinaibeba bila kuguna, na pengine hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambazo vitu vibovu hutufanyia.

Nilikaa na hoja hiyo siku tatu, na iliponivunjikia (hapa neno hili ni halali) ilikuwa ni kwa sababu ya jambo dogo. Ruhusa ile wamepewa wapatanishi. Yule mzee anayekwenda upande huu na ule hana lake. Akifanikiwa anarudi kwake na kikombe cha kahawa. Mimi sikuwa mpatanishi. Nilikuwa mmoja wa wagomvi, tena ndiye niliyefaidika.

Walakini hata hilo lisingenitosha, kwani tunafaidika na mambo mengi na hatulali macho. Kilichonitosha ni kufikiri juu ya yale maneno yake. Usiku ule dada yangu alisema jambo la kweli. Alikuwa amelibeba miaka minne. Alilisema taratibu, kwa maneno matano, na nililisikia, na nikamjibu: jibu langu lilikuwa lile kubonyeza. Lilikuwa jibu baya, lakini lilikuwa jibu. Kwa miezi saba alijua kwamba amenisema na mimi nimesikia. Sasa, kwa ujumbe wangu wa kweli tupu kuhusu omu na jasho, nilikuwa nimemwambia kwamba hapakuwa na jibu, pengine hata hapakuwa na aliyesikia. Maneno yale yamekwenda kugonga chumvi ndani ya rimoti. Naye, masikini, alifurahi, akayarudisha kifuani akayafunga. Asingeyatoa tena. Nani hurudia neno kama lile mara mbili? Nilikuwa nimeondoa rimoti yote na kuunganisha waya za masikio tu. Tungekuwa tunasikiana vizuri sana, Idi kwa Idi, na jambo moja lisingesemwa kamwe.

Sitaki msomaji adhani nilikuwa jasiri. Niliahirisha Alhamisi kwa sababu ya mvua, Ijumaa kwa sababu ni Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikaa uani, nikaiweka simu sikioni kwa mkono, bila waya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hamjambo huko?"

Hatujambo. Mvua? Kidogo. Watoto? Wazima. Nikasema, "Dada, ule waya ulikata mara mbili. Ile ya usiku nilikata mimi."

Akanyamaza. Nilisikia kuku, na mtu akichota maji kwa ndoo, kwa hiyo nilijua laini iko hai na ukimya ni wake.

"Ulisikia nilichosema?"

"Nilisikia."

"Chote?"

"Chote, dada."

"Haya," akasema. "Basi nijibu."

Sikuwa nimetayarisha jibu. Nilikuwa nimetayarisha kukiri, nikidhani kukiri ndiko mwisho wa kazi. Nikaanza na fedha nilizotuma. Akaniambia fedha anazijua, alizihesabu yeye. Nikaanza na kazi, likizo, mitihani ya kidato cha nne. Akanyamaza na kuniacha niyasikie mwenyewe. Kisha nikamwambia jambo ambalo hata mke wangu hajui, kwamba mwaka 2016 nilifika hadi Muheza nikielekea kwa mama, nikashuka katika basi, nikanywa chai, nikapanda basi la kurudi, kwa sababu niliogopa kumwona jinsi alivyokuwa. Hapo nilikosea maneno, nikaanza tena, nikakosea. Salio likaniishia katikati ya sentensi, simu ikakatika.

Nilikuwa nimeinuka kumtuma mjukuu dukani aninunulie vocha. Hata sijamwita, dada akawa ananipigia yeye.